Mbiu, wimbo na simu: historia ya matangazo ya biashara Kongo

Waswahili wana methali mbili ambazo hazipatani. Ya kwanza inasema biashara ni matangazo. Ya pili inasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mama anayeuza sambaza pale Kituku, Goma, anaziishi zote mbili kila asubuhi. Sambaza zikiwa mbichi, mteja anaziona mwenyewe. Lakini mama akinyamaza, jirani yake ataita, na mteja ataenda huko.

Siku hizi kuita mteja kumeingia ndani ya simu. Vikwembe vinauzwa kwenye WhatsApp, viatu kwenye TikTok, viwanja kwenye Facebook. Makampuni ya bia na ya simu yanalipa watu wenye wafuasi wengi ili wayasifu. Na katika simu hizo hizo, familia zilizokimbia vita zinapokea matangazo ya kazi, ya msaada na ya mikopo. Mengine ni ya kweli, mengine ni ya wezi.

Wengi wanadhani mambo haya yamekuja na intaneti. Historia ya nchi hii inaonyesha kwamba karibu mbinu zote ni za zamani: jina linalotembea mdomo kwa mdomo, sauti ya mtu maarufu iliyolipiwa, rangi iliyopakwa ukutani. Kilichobadilika ni kimoja. Zamani, aliyetangaza alikuwa mara nyingi na mlango ambao mteja aliweza kuugonga. Leo mlango huo mara nyingi haupo. Kwa hiyo msikilizaji anaweza kutembea katika historia hii na maswali mawili mkononi: nani amelipa ili sauti hii isikike? Na mali ikiwa mbovu, nani atajibu?

Merikani: jina kabla ya bango

Katika karne ya 19, misafara ya wafanyabiashara kutoka Zanzibar na Bagamoyo ilipita Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikafika Maniema, hadi Kasongo na Nyangwe. Ndiyo misafara iliyoleta Kiswahili upande huu wa ziwa. Ilirudi pwani na pembe za ndovu na watumwa, na maumivu ya biashara hiyo yanajulikana. Ilipokuja ilibeba shanga, nyaya za shaba, bunduki, na kitambaa cheupe cha pamba kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts, Marekani. Watu wakakiita merikani.

Hakukuwa na bango wala redio. Jina lenyewe ndilo lilikuwa tangazo. Mnunuzi aliushika mtumba, akaupima uzito kwa mkono, akaangalia namna nyuzi zilivyofumwa, kisha akasema kama ni merikani ya kweli au la. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Marekani mwaka 1861, pamba ikaadimika, na vitambaa vya Uingereza na India vikaingia kujaza nafasi. Jina halikufa. Kitambaa cha nchi nyingine kikaendelea kuitwa merikani, kwa sababu wateja walikuwa wameshaliamini neno hilo.

Jambo la namna hiyo lilitokea baadaye na vikwembe. Kampuni ya Vlisco ilianzishwa mwaka 1846 mjini Helmond, Uholanzi. Vitambaa vyake vilitoka kiwandani na namba tu. Waliovipa majina walikuwa akina mama wa masoko ya Afrika, wa Afrika Magharibi na wa Kongo pia: majina ya ndoa, ya wivu, ya utajiri, ya mambo ya siasa. Kikwembe chenye jina zuri kiliuzwa haraka kuliko kisicho na jina. Kampuni ilipoona hivyo, ikaanza kuyatumia majina hayo katika biashara yake. Leo wataalamu wa matangazo ya mitandaoni wanafundisha kwamba tangazo bora ni lile ambalo mteja analitengeneza mwenyewe na kumpelekea rafiki yake. Mama wa soko alilijua hilo zamani, na hakuna aliyemlipa.

Sabuni, na yale ambayo tangazo halisemi

Mwaka 1911 Serikali ya Ubelgiji ilifanya mkataba na Mwingereza William Lever, mwenye sabuni ya Sunlight. Alipewa maeneo makubwa ya michikichi, na kampuni yake hapa iliitwa Huileries du Congo Belge. Kituo chake kikubwa huko Kwilu kikapewa jina la Leverville. Leo panaitwa Lusanga.

Lever alikuwa mmoja wa mabingwa wa matangazo wa wakati wake. Sunlight, iliyoanza kuuzwa mwaka 1884, ilikuwa kati ya sabuni za kwanza Uingereza kuuzwa ikiwa imekatwa vipande, imefungwa kwa karatasi na kupewa jina lake. Magazeti na kuta zilijaa picha za familia safi na nguo nyeupe. Mnunuzi wa London alinunua usafi. Hakuonyeshwa mwanaume wa Kwilu aliyepanda mchikichi kwa kamba, wala kodi iliyomlazimisha kupanda, wala watu waliochukuliwa kwa nguvu kwenda kukata ngazi. Mwaka 1931, bei ya mawese ilipoanguka na kodi ikabaki juu, Wapende waliasi. Jeshi la kikoloni liliua mamia ya watu.

Historia hii inafaa kukumbukwa kila mara tangazo linapong'aa. Tangazo linachagua cha kuonyesha na cha kuficha. Simu ambayo leo inaleta matangazo ina tantali ndani yake, madini yanayotokana na koltani, na sehemu kubwa ya koltani ya dunia inachimbwa Rubaya, Masisi. Simu mpya inapotangazwa, kinachosifiwa ni kamera na betri. Rubaya haitajwi.

Kipaza-sauti na gari la santuri

Mwaka 1939, redio ya binafsi iliyoitwa Congolia ilianza Léopoldville, mikononi mwa Mbelgiji Jean Hourdebise. Mwaka uliofuata ikaja Radio Congo Belge ya serikali. Waafrika wengi hawakuwa na vyombo vya redio, kwa hiyo vipaza-sauti viliwekwa mitaani na watu wakasimama kusikiliza. Hapo wafanyabiashara wakagundua kwamba watu waliokusanyika kwa ajili ya muziki wako tayari pia kusikia habari za bidhaa.

Mgiriki Nico Jeronimidis alilielewa hilo kuliko wengi. Mwaka 1948 alianzisha studio ya Ngoma, na mwaka huo huo Wendo Kolosoy akapata umaarufu mkubwa kwa wimbo wake wa Marie-Louise. Jeronimidis hakungoja wanunuzi waje Léopoldville. Alizunguka nchi na gari pamoja na wanamuziki wake. Mahali gari liliposimama, wanamuziki walipiga, watu wakacheza, na santuri zikauzwa papo hapo. Mteja alimwona mwimbaji kwa macho yake kabla ya kutoa pesa.

Katika miji ya leo, mbinu hiyo bado iko hai. Gari lenye vipaza-sauti linapopita Birere au Kadutu likitangaza dawa ya panya au tamasha la Jumamosi, linafuata barabara ya Jeronimidis. Na msanii anayeonyesha kipande cha wimbo wake kwenye TikTok kabla ya wimbo kutoka anafanya jambo lile lile: kuwaonjesha watu kwanza.

Azda na libanga

Hatua iliyofuata ni ya sauti ya msanii kukodishwa. Mwaka 1973 Franco na TP OK Jazz walitoa wimbo wa Azda. Azda ilikuwa kampuni iliyouza magari ya Volkswagen Zaire. Wimbo huo, tangu mwanzo hadi mwisho, ulikuwa tangazo la biashara, lakini gitaa lilikuwa tamu kiasi kwamba watu waliucheza hata katika nchi ambako Azda haikuuza gari hata moja. Wengi waliimba jina la kampuni bila kujua kwamba wanaitangaza. Kwa mtu wa matangazo, hakuna ushindi mkubwa kuliko huo.

Franco alionyesha pia kwamba sauti iliyouza magari inaweza kuuza mtawala. Mwaka 1984 aliimba wimbo wa kumwunga mkono Mobutu, ambaye ndiye aliyekuwa mgombea wa pekee wa urais. Bidhaa na siasa zilipita katika kipaza-sauti kimoja.

Kisha likaja libanga. Kwa Kilingala, kutupa libanga ni kutupa jiwe, yaani msanii kulitaja jina la mtu ndani ya wimbo. Zamani alimtaja rafiki au mfadhili wake kwa heshima. Polepole ikawa kazi ya malipo. Wafanyabiashara, wanasiasa na Wakongo wanaoishi Ulaya walilipa ili majina yao yasikike, na kuna nyimbo zinazobeba majina mengi kuliko maneno ya mapenzi. Viwanda vya bia navyo vikaingia. Primus, ambayo Bralima iliipika mara ya kwanza Léopoldville mwaka 1926, na Skol ya Bracongo, zilishindana kwa kuvuta orkestra kubwa upande wao. Mpenzi wa msanii fulani alijikuta anakunywa bia fulani.

Kijana wa leo anayelipwa na kampuni ili aseme kwenye simu yake kwamba anapenda bidhaa fulani anafanya libanga. Kazi yake imepewa jina jipya: mshawishi wa mtandaoni. Lakini kuna tofauti moja inayomhusu mnunuzi. Katika wimbo, kila Mkongo aliyesikia jina likitajwa alijua kwamba kuna aliyelipa. Kwenye simu, mshawishi anazungumza kama ndugu au dada wa nyumbani, yuko jikoni kwake, anakoroga fufu, na bidhaa iko pembeni kama kwa bahati. Malipo yamefichwa ndani ya urafiki. Swali la kwanza, nani amelipa, limekuwa gumu zaidi kujibu.

Wakati kuta zilipobadilika rangi

Kabla ya picha za kompyuta, matangazo ya mitaa yalichorwa kwa mkono. Chéri Samba, mchoraji ambaye leo picha zake ziko katika majumba makubwa ya sanaa duniani, alianza Kinshasa kama mwandishi wa vibao vya maduka, na mwaka 1975 akafungua studio yake. Kila mji una wachoraji wa namna hiyo: wanaochora kichwa kilichonyolewa ukutani kwa kinyozi, jino kwa mganga wa meno, samaki na chupa kwa mkahawa. Ukuta ulisema ni duka la nani na linauza nini, na mwenye duka alikuwa amekaa pale pale.

Simu za mkononi zilikuja mapema kuliko wengi wanavyokumbuka. Telecel ilianza Zaire mwaka 1986, lakini ilikuwa simu ya wakubwa na matajiri. Simu ya watu wote ilikuja baadaye: Celtel mwaka 2000, Vodacom mwaka 2002, wakati nchi bado imegawanyika kwa vita. Mwaka huo wa 2002, mwezi wa pili, Radio Okapi pia ilianza kusikika. Na hapa Goma ulikuwa mwaka wa volkano: Nyiragongo ilikuwa imetema moto tarehe 17 Januari na kufunika sehemu ya mji.

Makampuni ya simu yalifanya jambo ambalo hakuna bia iliyowahi kufanya kwa kiwango hicho. Yalipaka rangi nchi. Duka, ukuta wa shule, kibanda cha unite, mwavuli wa kijana wa pembeni ya barabara, vyote vikavaa rangi ya kampuni. Mwenye nyumba alipata ukuta mpya bila kulipa, kampuni ikapata bango lisiloondoka. Jina lilipobadilika, ukuta ulibadilika pia: Celtel ikawa Zain mwaka 2008, Zain ikawa Airtel mwaka 2010. Kuta nyingi zina tabaka za rangi kama miamba ya volkano.

Lakini nguvu yao kubwa haikuwa rangi. Ilikuwa yule kijana chini ya mwavuli. M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007, ililetwa Kongo na Vodacom mwaka 2012. Mtu ambaye hajawahi kuingia benki asingekabidhi pesa zake kwa rangi. Alizikabidhi kwa kijana anayemfahamu, anayekaa kwenye kona ile ile kila siku, na ambaye pesa ikipotea atatafutwa kwao. Mwaka 2025, benki zilipofunga milango Goma na Bukavu, ni mawakala hao ambao wengi waliwategemea. Swali la pili, nani atajibu, lilikuwa na jibu lenye uso na jina.

Duka ndani ya simu

Facebook ilizaliwa Marekani mwaka 2004. Mnamo Novemba 2007 iliruhusu makampuni kufungua kurasa zao na ikaanza mfumo wake mpya wa matangazo. YouTube ilikuwa imeanza mwaka 2005, WhatsApp ikaja 2009, Instagram 2010. Facebook iliinunua Instagram mwaka 2012, na WhatsApp mwaka 2014. Yaani sehemu kubwa ya barabara ambazo matangazo yanapita leo iko mikononi mwa mwenye mali mmoja.

Mwanzoni mitandao ilionekana kama soko la bure. Kampuni ilifungua ukurasa, ikakusanya wafuasi, na kila ilichoandika kikawafikia. Kisha mlango ukaanza kubanwa. Mtandao hauwaonyeshi watu kila kitu. Programu yake inachagua nani aone nini, kwa kuangalia alichopenda, alichoandika na muda aliotazama. Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itawapa nafasi zaidi ndugu na marafiki, na nafasi ndogo zaidi kurasa za biashara. Kampuni iliyotaka kuonekana ikabidi ilipe. Ni kama soko ambalo linawaita wauzaji waje bure, na wakishazoea kukaa, linaanza kuwatoza kodi ya meza.

Malipo hayo yana nguvu ambayo gari la vipaza-sauti halikuwa nayo. Gari linaita kila mtu, hata asiyehitaji. Kwenye mtandao, anayelipa anaweza kuchagua: wanawake wa Bukavu wenye umri fulani, au vijana wanaopenda mpira. Ndiyo maana watu wawili wanaokaa chumba kimoja wanaona matangazo tofauti kwenye simu zao. Na ndiyo maana mwizi naye anaweza kumchagua anayemtaka: yule anayetafuta kazi, yule anayetafuta ndugu yake.

Kwa mwuzaji mdogo wa Kongo, barabara kuu imekuwa WhatsApp. Mwaka 2017 iliongezewa sehemu ya kuweka picha na video zinazopotea baada ya saa 24, ile ambayo wengi hapa wanaiita statu. Januari 2018 ikaja WhatsApp Business, yenye nafasi ya kuweka saa za kazi na mahali, na baadaye pia orodha ya bidhaa. Mama mwenye vikwembe kumi na namba mia mbili ana duka. Tena, wanaoziona picha zake ni watu wenye namba yake na yeye ana zao. Yuko karibu na mama wa soko wa zamani kuliko na kampuni kubwa, na hiyo ndiyo nguvu yake.

Picha ya Rumangabo

Aprili 2019, picha moja kutoka Kivu Kaskazini ilizunguka dunia nzima. Mlinzi wa Hifadhi ya Virunga alijipiga picha kwa simu, na nyuma yake sokwe wawili wamesimama wima kama watu wanaopigwa picha ya familia. Ilikuwa katika kituo cha Senkwekwe, Rumangabo, kinacholea sokwe yatima. Wawili hao walikuwa Ndakazi na Ndeze, waliookolewa mwaka 2007 wakiwa wachanga baada ya mama zao kuuawa.

Hifadhi haikununua nafasi hiyo. Ilichofanya ni kuitumia vizuri. Ilithibitisha kwamba picha ni ya kweli, ikaeleza kwamba sokwe hao wamelelewa na binadamu na kwamba sokwe wa porini hawasogelewi hivyo, kisha ikawakumbusha watu kuchangia kazi ya ulinzi. Kuna wataalamu wa matangazo wanaolipwa pesa nyingi wakitafuta picha kama hiyo maisha yao yote. Ilitoka kwa mfanyakazi aliyekuwa kazini kwake.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 24 Aprili 2020, walinzi 12 wa hifadhi hiyo waliuawa katika shambulio karibu na Rumangabo. Habari hiyo haikusambaa kama picha ya sokwe. Mtandao unapenda kinachochekesha, na biashara zinafuata kinachopendwa. Anayetegemea mitandao peke yake kuijua Kivu ataijua kwa sokwe wake na atawasahau walinzi wake.

Somo la Ebola

Tarehe 1 Agosti 2018, Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini, katika eneo la Beni. Ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ilikuwa imeua watu 2,287. Wakati huo mabango yalikuwepo, fulana zilikuwepo, magari mapya yalikuwepo. Wagonjwa wengi hata hivyo walifichwa, na watoa huduma wengine walishambuliwa. Mitaani na katika makundi ya WhatsApp watu walisema kwamba ugonjwa ni biashara ya wakubwa. Walikuwa wameona mauaji kwa miaka bila msaada, na ghafla pesa na magari yakaja kwa ajili ya ugonjwa mmoja.

Kilichosaidia kubadilisha mioyo hakikuwa bango kubwa zaidi. Redio za mitaa, viongozi wa dini, machifu, na hasa watu waliopona, walichukua neno. Aliyepona alirudi kwao na kuonekana akiwa hai. Alitoa ushuhuda kwa Kinande au kwa Kiswahili, na jirani aliweza kumwuliza maswali. WhatsApp nayo ilipunguza uenezaji wa ujumbe: mwaka 2019 mtu aliweza kuusambaza kwa mazungumzo matano tu kwa mara moja, na Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi ukaruhusiwa kwenda kwa moja tu. Ilisaidia, lakini uvumi unafukuzwa na mtu anayeaminika kuliko na programu.

Makampuni yanayokuja kuuza bidhaa mashariki yanaweza kujifunza hapo. Watu wa huku wameahidiwa mambo mengi. Wanapima sauti kabla ya kupima maneno.

Simu ya familia iliyokimbia

Kwa familia zilizopitia Kanyaruchinya, Bulengo au Lushagala, jambo hili ni zito kuliko mitindo ya biashara. Aliyekimbia ameacha duka, meza ya soko, shamba. Mara nyingi alichobeba ni watoto, kikwembe na simu. Ndani ya simu hiyo kuna namba za wateja wake wa zamani, nao wengine wamefika Bukavu, wengine Bujumbura, Kampala au Nakivale. Biashara iliyoporwa inaweza kuanza tena kutokana na namba hizo. Kwa hiyo ni vizuri namba ziandikwe pia kwenye daftari au kwenye simu ya mtu wa kuaminika, maana simu inaibiwa na kadi ya SIM inapotea. Barabara yenyewe pia inaweza kufungwa. Januari 2015 intaneti ilikatwa nchini wakati wa maandamano, na tangu tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, ilikatwa kwa karibu wiki tatu. Aliyekuwa na biashara yake yote mtandaoni alikaa kimya siku zote hizo. Aliyekuwa na namba za wateja alipiga simu.

Anayetaka kuuza kwa simu hahitaji kuiga makampuni makubwa. Historia hii inampa njia. Apige picha ya mali yake mwenyewe, asiichukue ya mtu mwingine. Aandike bei, kwa franka au kwa dola, kwa sababu bei iliyofichwa inazaa mashaka. Atumie picha moja au mbili nyepesi, maana mteja ananunua mega kwa shida. Aseme anapatikana wapi na saa ngapi. Mali ikiwa na kasoro, aibadilishe, kisha amwombe mteja aliyeridhika atoe ushuhuda kwa sauti yake. Hivyo ndivyo merikani ilivyopata jina.

Na anayepokea tangazo arudie yale maswali mawili. Tangazo la kazi lenye nembo ya shirika la misaada likiomba pesa ya fomu au ya usafiri, ajue kuna tatizo. Umoja wa Mataifa umesema wazi kwamba hautozi pesa katika hatua yoyote ya kuajiri. Ujumbe ukiomba namba ya siri ya pesa za simu, ni wizi, hata kama rangi na nembo vinafanana na vya kampuni. Orodha ya msaada ikisambazwa kwenye WhatsApp, ulizieni kwa kamati ya wakimbizi, kwa mkuu wa mtaa au kwenye ofisi ya shirika lenyewe kabla ya kumpa mtu jina na namba yako. Jetoni haitolewi kwa kubonyeza kiungo.

Kijana wa mwavuli, mama wa Kituku, kinyozi mwenye kichwa kilichochorwa ukutani: wote wanauza huku mteja akijua pa kuwapata kesho. Tangazo linapoingia kwenye simu usiku huu, kabla ya kutuma hata franka mia tano, tafuta kwanza mtu mmoja unayemfahamu ambaye amenunua hapo na akapata.